Ruhusa ya Kuvuka Kamba

Lurah Sipatai
Jumatatu, 9 Oktoba 1995

Kwa Mjomba Datuk Paduko, Pekanbaru.

Assalamu alaikum.

Maji ya Kilindi cha Mwiko yamepungua hadi Jiwe la Nyati linaonekana lote, mgongo na tumbo. Wa kwanza kuliona ni Imam Labai, jana baada ya alfajiri, akaja kuniita mwenyewe. Nilishuka korongoni nikalishika kwa mkono pale ambapo siku zote kuna maji. Bado lina utelezi wa kijani.

Mwaka wa ukame nisingekuandikia. Lakini sasa si ukame. Kila alasiri wiki hii mlima wa juu umefunikwa na mvua, na radi tunaisikia tukiwa jikoni. Huko juu kunanyesha na huku chini mto unakauka. Sijui sababu. Imam naye hajui.

Unaijua ratiba kwa kuwa uliipanga wewe. Jumamosi ya tarehe 21 mabasi ya watu wetu wa Pekanbaru yatafika na wake, waume na wajukuu. Mahema yatasimamishwa kwenye ufuko wa kokoto chini ya kilindi. Watoto wataelea kwa tyubu za lori pale maji yanapofika magotini, watapita njia ya msituni, na watalala wakisikia mto. Jumapili asubuhi wewe utarusha wavu wa kwanza, kilindi kifunguliwe, na kila familia ile samaki wake. Yaani usiku wa Jumamosi watu wote hao watakuwa wamelala sakafuni mwa korongo.

Tangu ulipokifunga kilindi mwaka juzi na Yasini ikasomwa, hakuna aliyeivuka kamba ya henzirani iliyo juu yake. Kiapo tulikisikia sote: atakayeivuka kabla ya wavu wa kwanza tumbo litamvimba, na ukoo utamwita barazani. Kwa hiyo hakuna ajuaye kuna nini kule Kooni, mahali mto unapobanwa na kuta mbili. Ardhi hii ni yetu wanawake, lakini neno la kufunga na kufungua ni lako wewe Datuk, mkuu wa ukoo. Nakuomba moja kati ya mawili. Toa ruhusa watu wawili wavuke kamba wakatazame, au ahirisha.

Nilikwenda pia ofisi ya wilaya. Waliniambia mahali palipofungwa kwa mila hawaingii bila barua ya Datuk.

Simu ya sokoni imekufa tangu nguzo ilipoanguka, ndiyo maana barua hii inakuja na Malin dereva. Mpe jibu mkononi.

Binti yako Desrina hajambo. Ameweka vibao kwenye njia ya watoto na anawafundisha wasichana wa hapa kufunga maboya ya kifuani. Kwenye kibanda cha kahawa Sutan Palito anasema nimeanza kuogopa mto mkavu, na kesho nitaogopa sinia tupu. Wenzake wamecheka. Wote wanafurahi kwamba maji machache yatarahisisha uvuvi.

Mpwa wako,
Yulmaini

—

Pekanbaru
Jumatano, 11 Oktoba 1995

Kwa mpwa wangu Yulmaini.

Waalaikum salaam.

Mabasi hayaahirishwi. Hilo amenieleza mwenye mabasi jana, na mimi nakueleza wewe.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Tangu uache kuandikia lile gazeti la Padang bado unaandika kana kwamba mhariri anakusubiri: nani kasema, lini, jiwe gani. Sawa. Na mimi nakuuliza kama mhariri: nani ameona hatari? Imam ameona jiwe. Jiwe si hatari. Nikiwa kijana tuliwahi kucheza juu ya Jiwe la Nyati, mama yako akatufukuza na fimbo.

Ruhusa ya kuvuka kamba siitoi. Watu wamelinda kiapo kile misimu yote hii. Kuna waliolala njaa wakisikia samaki wanaruka, hawakugusa. Leo niwaambie kwamba Datuk akiwa mbali ameandika karatasi na kamba imevukwa? Siku hiyo kofia yangu ya udatuk mpe mbuzi avae.

Sasa nikuambie lililo moyoni, kwa kuwa wewe ni mtoto wa dada yangu na sina wa karibu zaidi. Mwaka jana watoto wangu walipokuja, ulisema nyumba kubwa imejaa, wakalala kwa Imam. Mwaka huu nimesema Desrina ndiye atakayewaongoza watoto wote kuingia korongoni, na ghafla mto una tatizo. Najua mila yetu. Mtoto wangu ni wa ukoo wa mama yake, na kwenye ardhi yenu ni mgeni. Hilo sikulifuta mimi wala siwezi. Lakini usimfanye mgeni kwa kisingizio cha maji.

Endelea na maandalizi. Mianzi ya kupikia wali ikatwe mapema. Mke wangu anauliza kama choo cha ufukoni kina mlango.

Mjomba wako,
Datuk Paduko

—

Lurah Sipatai
Ijumaa, 13 Oktoba 1995

Kwa Mjomba Datuk.

Assalamu alaikum.

Mlima umeporomoka Kooni na kuziba mto. Nimeelezwa na mtu aliyeona kwa macho yake. Udongo, mawe na miti mizima vimelala toka ukuta hadi ukuta, na nyuma yake kuna ziwa. Maji tunayoyapata huku ni yale yanayochuruzika chini ya magogo, na tangu jana yamekuwa ya rangi ya chai ya maziwa.

Unajua maana yake. Bibi alitusimulia galodo ya mwaka aliozaliwa mama, mlima uliposhuka na mto ukachukua nyumba za upande wa chini. Alisema mto ulinyamaza kwanza.

Jina la aliyeona siliandiki. Ili aone ilibidi avuke kamba, na nikilitaja utalazimika kumwita barazani. Nakuomba uamini habari bila jina. Najua ninaomba jambo gumu. Gazetini nisingeikubali habari ya namna hii.

Mwaka jana nyumba kubwa haikuwa imejaa. Kulikuwa na mgonjwa wa kifua kikuu, mama yako mdogo, na yeye mwenyewe alikataa usiambiwe. Watoto wako niliwapeleka kwa Imam ili wasilale chumba kimoja naye. Sasa ameshapona, nami nimeona ni bora ulijue.

Nimefunga shughuli za tyubu kwa amri yangu, kwa kuwa tyubu ni zangu. Jana alasiri familia mbili kutoka Payakumbuh walikuja na watoto na vikapu vya chakula. Niliwapandisha kwenye uwanja wa shule ya zamani, juu ya ukingo. Baba mmoja alikasirika. "Dada, tumekuja mtoni, si shuleni. Huyu mtoto shule anaiona kila siku." Nilimpa yule mtoto miguu ya mianzi akajifunze kutembea juu yake. Baba yake alipoondoka aliniambia hatarudi.

Kwenye kibanda cha kahawa hali ni mbaya zaidi. Wanawake wanaanika nguo kwenye mawe ambayo hayajawahi kuona jua. Watoto wanashika kamba wadogo wa mtoni kwa mikono. Sutan Palito ameshazitengeneza nyavu zake na kuzitundika mlangoni kama mapazia ya arusi. Alinipigia kelele mbele ya watu: "Yul! Muulize mto kama unataka niuletee koti, unaonekana una baridi!" Nilimwambia asogeze kibanda chake juu. Alijibu kwamba mkwewe ndiye mwenye ardhi, nikamwombe yeye.

Kama huwezi kuahirisha, badilisha mahali. Mahema yawe uwanjani juu. Wali unaiva popote penye moto. Watoto watapita njia ya msituni ya juu, warushe tiara, washindane kwa miguu ya mianzi. Korongo watalitazama kutoka juu mpaka tujue.

Choo cha ufukoni kina mlango. Sitaki mkeo akitumie.

Yulmaini

—

Pekanbaru
Jumatatu, 16 Oktoba 1995

Kwa Yulmaini.

Malin dereva amenieleza kwamba Lurah Sipatai nzima inashangilia maji kupungua, na mtu mmoja tu ndiye anayelalamika. Nilimuuliza ni nani. Akacheka.

Kuhusu mama mdogo, ahsante. Ningependa kulijua wakati ule.

Lakini la kamba tuseme wazi. Unasema mtu amevuka. Au hayupo, nawe umetunga, au yupo nawe unamficha. Kama hayupo, umenidanganya. Kama yupo, unamlinda mvunja kiapo dhidi ya mjomba wako, mimi ambaye kazi yangu ndiyo hiyo tu iliyonibakia kijijini. Sina shamba huko, sina nyumba. Nina neno. Ukishazoea kulipita neno langu pembeni, mwisho wa udatuk wangu ni kualikwa kwenye arusi na kupewa mto wa kukalia.

Nipe jina. Nikipata jina nitamhoji, na akiniridhisha nitabadilisha kila kitu. Bila jina ratiba ni ile ile. Jumamosi mahema ufukoni. Familia zimeshalipia, watoto wengine hawajawahi kuona mto usio na daraja la saruji. Mjukuu wa Haji Bustami analala na boya lake kifuani, mama yake ameniambia.

Na Desrina mbona haandiki? Mwambie baba yake anasubiri nyimbo za watoto alizoahidi kupanga.

Datuk Paduko

—

Lurah Sipatai
Jumanne, 17 Oktoba 1995

Kwa Baba.

Ni mimi niliyevuka kamba.

Dada Yul hajui kwamba nakuandikia. Barua yako ya jana aliikunja akaiweka chini ya kinu, nami nikaisoma alipokwenda kuteka maji. Kwa hilo unaweza kunihukumu pia.

Ilikuwa Alhamisi iliyopita, Dada alipokwenda sokoni. Nilikuwa natafuta mahali pa kuweka kibao cha mwisho cha njia ya watoto. Kibao hicho kilitakiwa kuwa karibu na kamba, kiandikwe "Mwisho hapa". Nikakaa pale nikasikiliza. Baba, uliponileta mara ya kwanza nikiwa mdogo ulinishika mkono pale pale ukaniambia nisikilize Koo, linavyonguruma hata kiangazi. Safari hii halikunguruma. Nikainua kamba nikapita chini yake. Sikufikiri sana.

Upande wa kushoto mlima hauna ngozi. Kuna udongo mwekundu tu toka juu mpaka chini, na miti imelala vichwa vikielekeana. Nilipanda pembeni, kwenye mwamba, si juu ya udongo. Kwa nyuma kuna maji yametulia kabisa. Vilele vya miti vimetokeza katikati ya ziwa na juu yake kulikuwa na siamang wawili, wale nyani weusi wa msituni, walioshindwa kurudi nchi kavu. Hawakulia. Walinitazama tu. Nilichagua jani moja kwenye ukingo ili niangalie maji yanavyokwenda. Kabla sijamaliza kufunga kamba za viatu, jani lilikuwa limezama.

Nilipomwambia Dada Yul alinishika mabega akasema, "Umeota. Umesikia? Wewe ulikuwa jikoni na umeota. Mengine niachie." Alijua kwamba mimi si wa ukoo huu. Mtu wa ukoo akivunja kiapo hulipa mbuzi na maneno yanakwisha. Mgeni akikivunja, wanasema baba yake ndiye aliyemfungulia mlango.

Sasa unalo jina. Uliahidi ukilipata utabadilisha kila kitu. Nihoji ukifika, lakini mabasi yasishuke ufukoni.

Tumbo langu halijavimba. Nalitazama kila asubuhi.

Nyimbo nimepanga. Watoto wanaweza kuziimba juu uwanjani.

Binti yako,
Desrina

—

Lurah Sipatai
Jumatano, 18 Oktoba 1995

Kwa Mjomba Datuk.

Aliyevuka kamba ni mimi, Yulmaini, mpwa wako. Nilivuka Alhamisi tarehe 12, nikiwa peke yangu, nikitoka sokoni. Mara ya kwanza niliandika kana kwamba ni mtu mwingine kwa sababu niliona aibu.

Uliomba jina, umepata. Nihukumu mimi. Mbuzi ninaye.

Usiku maji yaliongezeka kidogo, na asubuhi yamepungua tena. Imam Labai anasema hajawahi kuona mto unaopumua. Ameanza kuwaambia watu msikitini wakae juu, lakini anawaambia kwa sauti ya kuomba, na Sutan Palito anamjibu kwa sauti ya kibanda cha kahawa.

Malin anapiga honi. Naishia hapa.

Yulmaini

—

Pekanbaru
Alhamisi, 19 Oktoba 1995

Kwa Yulmaini na kwa Desrina. Isomeni pamoja.

Malin dereva amenikabidhi leo asubuhi barua mbili kwa mkono mmoja, na kila moja inasema "ni mimi". Nikamuuliza huko kijijini mnagombania nini siku hizi. Akasema hajui, yeye hubeba tu.

Yulmaini, wewe hujui kusema uongo. Ungekuwa umevuka wewe, ungeniandikia urefu wa maporomoko, upana wake, na nani mwingine anaweza kuthibitisha. Umeandika mistari michache na mbuzi. Desrina ameandika siamang na jani. Aliyefika ni yeye.

Nimekaa na barua zenu dukani, wateja nikawaambia wasubiri. Nilidhani hutaki mtoto wangu akanyage ardhi yenu. Kumbe umekuwa tayari kusimama mbele ya baraza badala yake, wewe ambaye hujawahi hata kukanyaga mkeka wa baraza kwa viatu. Sina la kuongeza hapo, na wewe hupendi maneno mengi.

Maagizo ni haya. Mahema yahamie uwanja wa shule. Mabasi yatapakia watu kama yalivyopangwa, kwa sababu nikisema leo hakuna safari, nusu yao watakodi magari yao wenyewe na kushuka moja kwa moja mtoni wakiwa hawana wa kuwazuia. Mimi nitapanda basi la mbele. Barua yangu kwa ofisi ya wilaya naileta mkononi. Sirushi wavu mpaka watu wao wamekwenda Kooni na kurudi.

Desrina aondoke na Malin kesho Ijumaa, arudi nyumbani kwa mama yake. Aliyevuka kamba haruhusiwi kuwapo siku ya kufungua kabla hajasikilizwa. Hiyo ni mila, si hasira. Hasira ninayo pia, lakini ile nitakuja nayo mwenyewe.

Watu watanizomea. Nimeshawazoea.

Datuk Paduko

—

Lurah Sipatai
Jumanne, 24 Oktoba 1995

Kwa mdogo wangu Desrina, Pekanbaru.

Hakuna aliyekufa. Imam Labai alihesabu watu uwanjani, kisha akahesabu tena, na mara zote mbili walitimia. Naanza na hilo kwa sababu najua redio imesema mengine.

Maporomoko yalipasuka Jumapili, watu wakiwa wanajiandaa kwa sala ya adhuhuri. Ufuko haupo tena. Kilindi kimejaa mawe makubwa kama vibanda. Kibanda cha kahawa kimekwenda pamoja na mabenchi. Njia yako ya watoto imebaki, isipokuwa kibao cha mwisho.

Jumamosi ilikuwa mbaya kuliko Jumapili. Baba yako alisimama kwenye ngazi ya basi akatangaza kwamba mahema yako juu na hakuna anayeshuka. Mama mmoja alilia kwa hasira. Haji Bustami aliuliza, "Datuk, umetuleta safari yote hii tuje kuutazama mto kama picha ya ukutani?" Sutan Palito alipaza sauti toka nyuma: "Amekuja kutufungulia mto au kutufungia wali?" Watu wakacheka, wakapiga makofi. Baba yako alingoja wamalize. Akasema, "Wali upo. Mto keshokutwa." Akashuka, akaanza kupigilia vigingi vya hema lake mwenyewe. Sijawahi kumwona akishika nyundo.

Watoto walikuwa wa kwanza kusahau. Walishindana kwa miguu ya mianzi, wakarusha tiara, wakaenda msituni na wasichana uliowafundisha, wakarudi na hadithi ya ua linalokula nzi. Nyimbo zako waliimba. Mjukuu wa Haji Bustami aliimba na boya kifuani.

Jumapili watu wa wilaya walipanda kwenda Kooni kwa njia ya kilimani. Kabla hawajarudi tuliwaona watu wawili chini ufukoni, Sutan Palito na shemeji yake, wanatupa nyavu kwenye vidimbwi. Samaki walikuwa wamebanwa huko, mtu angeweza kuwaokota kwa ungo. Mimi niliita mpaka sauti ikakatika. Palito alipunga mkono. Wanaume wengine wakaanza kusogelea ngazi, wakisema kama yeye yuko salama, na wao je? Nilihesabu kwamba dakika chache zijazo tungekuwa na watu wengi huko chini, na watoto wao nyuma yao.

Baba yako hakuita. Alikwenda kwa Bi Rakiyah, mkwewe Palito. Alimwinamia, akamwomba akae juu ya ngazi na mkeka na sinia la wali, amwite mume wa binti yake aje ale. Bi Rakiyah alikaa. Hakupaza sauti hata kidogo. Alisema tu, "Palito, chakula kinapoa." Unajua mwanamume anayeishi kwa mkewe hawezi kukataa chakula cha mkwe mbele ya kijiji kizima. Alisimama na wavu wake, akatutazama, akautazama mto. Shemeji yake akamwambia, nasi tukasikia wote, "Nenda wewe, mimi sijaoa kwao." Palito akamjibu, "Utakula nini jioni, mpumbavu?" Akamvuta shati. Wakapanda, Palito akiapa kila ngazi.

Alikuwa ameshaketi mbele ya sinia. Kwanza ilikuja harufu ya udongo. Kisha upepo wa baridi toka korongoni, nao ulizima moto wa wali. Niliona miti ikipita imesimama wima, kama watu wanaotembea. Watoto hawakulia. Waliolia ni wanaume.

Watu wa wilaya walikuwa kwenye mwamba juu ya ziwa na waliliona likipasuka. Wako salama. Mmoja ameteguka kifundo.

Sasa habari inayokuhusu, kwa kuwa baba yako ameshawaeleza wazee kwa nini hukuwapo. Jana jioni, kwa kuwa kibanda hakipo, walikaa kwenye ngazi za msikiti, na Sutan Palito alisema mlima uliporomoka kwa sababu binti wa Datuk alivuka kamba. Alisahau kwamba mto ulikuwa umeshapungua kabla hujavuka. Nilimkumbusha. Akasema mlima ulijua mapema. Si wote wanaomwamini, lakini wamepoteza kilindi walichokilinda misimu miwili kwa ajili ya siku moja, nao wanataka mtu.

Wazee walimwita baba yako. Walimpa njia nyepesi, nami nilikuwapo. Mzee mmoja akasema, "Datuk, sema tu kwamba ulimruhusu kwa mdomo. Neno ni lako, kesi imekwisha." Wote waliitikia. Hata mimi niliitikia. Baba yako akasema, "Sikumruhusu. Niliombwa mara mbili na mpwa wangu, nikakataa mara mbili. Nikisema leo niliruhusu, kesho kila Datuk ataruhusu baada ya mto kupita."

Kwa hiyo baraza litakaa. Na kwa kuwa wewe ni wa ukoo wa mama yako, baba yako hana haki ya kukutetea. Atakayekusemea ni mjomba wako, Mak Nasrul. Zungumza naye mapema. Mwambie kila kitu, na la siamang pia.

Dada yako,
Yulmaini

—

Pekanbaru
Ijumaa, 27 Oktoba 1995

Kwa Dada Yul.

Mjomba Nasrul amekubali kuja. Alichosema kwanza ni, "Umeshindwa kuvunja miiko ya kwetu, umekwenda kuvunja ya watu?" Kisha akauliza mbuzi wa huko anafika ukubwa gani.

Nitasema ukweli: kwamba nilivuka, na kwamba nilijua kuna kiapo. Wakiniuliza kama najuta, sijui nitajibu nini. Najuta kwamba siku ile sikukungoja urudi sokoni tukavuka wote. Mjomba anasema hilo nisiliseme.

Mama anaogopa kwamba Baba atakaa kiti cha kuhukumu. Anasema atakuwa mkali kwangu kuliko kwa mtu baki, ili wasiseme. Naogopa pia. Usimwambie.

Desrina

—

Lurah Sipatai
Jumapili, 29 Oktoba 1995

Kwa Desrina binti yangu, na kwa shemeji yangu Nasrul anayekusemea.

Baraza la ukoo litakaa Ijumaa, tarehe 3 Novemba, baada ya sala ya Ijumaa, katika jumba la baraza. Imam Labai ndiye atakayeongoza. Mimi nimeondoka kwenye kiti kwa siku hiyo, kwa sababu nami ni mmoja wa wanaohojiwa.

Utaratibu umekubaliwa hivi. Wa kwanza kuulizwa ni mimi, kwa nini nilikataa ruhusa iliyoombwa kwa ajili ya watoto. Wa pili ni wewe, kwa nini ulivuka bila ruhusa. Yulmaini ameomba awe wa tatu, kwa kosa la kumwandikia mjomba wake uongo akiwa na akili timamu. Wazee walicheka, lakini ombi limepokelewa.

Utakaa mkeka mmoja na mjomba wako, upande wa mashariki. Mimi nitakuwa upande wa magharibi, nikikutazama. Usinisalimie kama baba mpaka Imam afunge kikao. Baada ya hapo utanisalimia, nami nitaitikia.

Utalala nyumba kubwa. Yulmaini ameshatandika.

Gari la Malin linaondoka kituoni Alhamisi tarehe 2, asubuhi. Nimeweka nafasi mbili za mbele.

Baba yako,
Datuk Paduko